Kwa Kaka Hamidu, Kuhusu Simu Uliyoniachia

Mpendwa Kaka Hamidu,

Shikamoo. Simu yako ni nzima. Najua ungeuliza hilo kabla hujauliza hali yangu, kwa hiyo nimelitanguliza. Ina chaji, haijadondoka, haijaazimwa na mtu, na ujumbe wa chuo bado haujaingia. Mimi pia ni mzima, Mama ni mzima, na hapa Keko maseremala bado wanaanza kupiga randa kabla watu hawajamaliza chai.

Naandika kwa kalamu kwa sababu huko kambini jeshini hamruhusiwi simu, na nimesikia kwamba barua zenu hufunguliwa kwanza na wakubwa. Kama ni kweli, basi shikamoo, afande unayesoma. Nimeiandika barua hii nikijua itapita kwenye macho ya watu wengine, kama vile naisoma mbele ya mstari wa asubuhi shuleni, jambo ambalo unajua siliwezi. Humu hamna siri yako ambayo bado ni siri. Kuna moja iliyokwisha kutoka nje ya nyumba, na hiyo ukoo mzima unayo. Nataka uisikie kwangu kabla hujakutana na Mjomba Shabani.

Lakini kwanza nikukumbushe pazia.

Unalikumbuka lile la kijani, ambalo Baba alilitundika kugawa chumba chetu? Wewe ulipewa upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Maana yake ni kwamba kila ulipotaka kufika kitandani kwako ilikubidi upite kwangu. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la pili, sina hata kitu cha kuficha isipokuwa vitabu vya hadithi nilivyokuwa navisoma wakati wa kuosha vyombo. Hata hivyo ulikuwa unasimama nje ya mlango ulio wazi na kusema hodi. Nisipojibu, unasema tena. Ya tatu ikipita kimya, unageuka na kwenda kukaa barazani. Siku moja nilikuwa nimezama kwenye kitabu, sikusikia kitu. Nilipotoka nikakukuta umekaa na sare ya shule, umechoka, viatu mkononi. Mama alikuwa anakucheka.

"Hamidu, unampigia hodi mtoto wa darasa la pili?"

"Si yumo ndani, Mama?"

Nimelifikiria sana jibu lako wiki hizi. Wakati ule nilidhani ni tabia yako tu ya upole, kama ile ya kumsalimia paka wa jirani. Baba alipofariki na Mama akahamia upande wangu wa pazia, uliendelea vilevile, na Mama akaacha kucheka. Nadhani alianza kukusubiri useme hodi, kama mtu anayesubiri kuheshimiwa nyumbani kwake.

Halafu ikaja ile stika. Naiandika hapa kwa sababu ni yangu, na mwenye kitu anaweza kukisema. Nilikuwa kidato cha pili, ndiyo kwanza mmenipa simu ya zamani ya Mama, ile yenye ufa pembeni. Niliweka picha yangu ya Idi, nimevaa dera la zambarau, macho yamesinzia nusu kwa sababu ya jua. Yule Jofrey wa darasa letu akaikata sura yangu, akaibandika maneno "NAWAZA UGALI", akaitupa kwenye kundi la darasa. Mpaka jioni kila mtu akiulizwa swali anajibu kwa uso wangu. Mwalimu kachelewa? Nawaza ugali. Kesho kuna mtihani? Nawaza ugali. Hata Zainabu, rafiki yangu, aliituma kwanza ndipo akaniomba radhi.

Nilikwambia siendi shule tena. Nilitegemea utakwenda kumpiga, na ukweli ni kwamba nilitaka. Ukakaa nami barazani, ukaniomba simu. Ukaniomba, hukuichukua. Ukanionyesha mahali pa kuchagua nani aone picha yangu, nani ajue saa niliyoingia mara ya mwisho, nani aweze kuniingiza kwenye kundi bila kuniuliza. Ukanifanya niweke namba ya siri ya pili, ile ambayo mtu akiiba akaunti atakwama hapo. Ukazima yale maneno yanayojitokeza juu ya simu iliyofungwa. Ukanieleza kwamba ujumbe wetu husafiri ukiwa umefungwa kama bahasha, na hata wenye mtambo hawausomi. Nikakuuliza, "Sasa uso wangu umepitia wapi?" Ukafikiri kidogo. Ukasema, "Haukupita popote. Uliuacha nje, ukaenda kulala."

Jofrey nilikuja kusikia baadaye kwamba ulimfuata uwanjani, ukamsifia. "Dogo, una mkono mzuri wa stika. Nitengenezee na yangu basi, hii hapa sura." Ukasimama mbele yake na wenzake, umetoa macho kama samaki, unasubiri akupige picha. Alishindwa. Aliniomba msamaha Jumatatu, akafuta ya kwake, ingawa wote tulijua kwamba ilikwisha kusambaa. Mwezi uliopita niliiona tena kwenye kundi la masomo la watoto wa shule nyingine kabisa. Mtu aliulizwa swali la baiolojia. Nilicheka, Kaka. Kidogo.

Na usifikiri nimesahau siku uliyomrukia Mama kama golikipa, alipokuwa anamsomea mtu asiyemjua zile namba sita zilizoingia kwenye simu yake. "Lakini ameniita mama, kaomba kwa adabu," Mama akalalamika. Ukamwambia, "Wezi wa siku hizi wote wana adabu." Kwa wiki nzima kila aliyempigia Mama kwa sauti nzuri alikatiwa simu, mpaka imamu wa msikiti.

Basi, siku ya kuondoka kwako, pale stendi ya Mbezi Luis, Mama akiwa anagombana na kuli kuhusu begi lako, ukanivuta pembeni. Ukanipa simu na namba yake ya kufungulia.

"Chuo wakituma ujumbe, ingia, thibitisha nafasi yangu, toka. Vingine viache vilivyo."

"Nitajuaje kama ni chuo, bila kuingia?"

Hapo ukacheka, ukairudisha mkononi mwako. Ukawasha yale maneno ya juu ya simu iliyofungwa. Wewe, uliyenifundisha kuyazima! "Ni kwa ajili yako," ukasema, "usome mstari wa kwanza tu, usilazimike kuingia." Uliacha dirisha wazi ili nisihitaji kupita mlangoni. Sikulaumu. Nakueleza tu upepo uliingilia wapi.

Jumapili iliyopita asubuhi Shangazi Mwajuma alikuja kutoka Mwananyamala. Yeye na Mama walikaa mkekani wanachagua mchele, mimi niko na daftari langu la historia. Simu yako ilikuwa mezani kwenye chaji. Ikalia. Shangazi akanyoosha shingo.

"Fundi Bomba," akasoma. "Wifi, fundi bomba anamtafuta mwanao."

"Mwambieni aje basi," Mama akasema, "bomba la uani linavuja tangu mfungo."

Shangazi akaendelea kusoma, na sauti yake ikawa inapungua kadiri anavyokwenda. Maneno nakuandikia yalivyokuwa, maana yamekwisha kufika mpaka Tanga: "Ukitoka kambini utaikuta hii. Majibu yametoka, nimekuchukulia mimi. Usimwambie mama kwanza, maana." Hapo yakakatika. Ndipo unapoishia ule mstari.

"Fundi bomba gani," Shangazi akasema, "anaweka picha ya ua waridi?"

Alitaka tucheke. Mama hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mchele, umetulia.

"Soma tena," akasema.

Unajua kwa nini, Kaka. Baba alipoanza kuumwa alimwambia Shangazi, dada yake, kabla ya kumwambia Mama. Alimwambia kwa maneno hayohayo: usimwambie mama Hamidu kwanza. Na Shangazi hakumwambia. Sasa walikuwa wamekaa mkeka mmoja, Shangazi anamsomea maneno yaleyale kutoka kwenye simu ya mtoto, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Rukia," Mama akasema, "fungua."

Unanijua. Mimi nikiulizwa swali darasani nanong'ona mpaka mwalimu anasogea. Kumwambia Mama hapana sijawahi, hata kwa uji wa ulezi nisioupenda. Nilisimama, nikaichomoa simu kwenye waya, nikaishika kwa mikono miwili.

"Mama, kasema nisiingie."

"Mie ndiye niliyemzaa."

"Najua, Mama."

"Namba unayo?"

"Ninayo."

"Basi fungua."

Sijui yalitoka wapi. Nilisema, "Mama, tumepiga hodi, hajaitika."

"He!" Shangazi akapiga makofi. "Simu nayo inapigiwa hodi? Wifi, mhamishe huyu mtoto shule, vitabu vinamharibu."

Lakini Mama alikuwa ananitazama mimi tu. "Mtoto wangu akiwa mgonjwa," akasema polepole, "mie nikae nje nasubiri kuitikiwa hodi?"

Ungekuwepo, Kaka, ungepata la kumjibu. Mimi nililia tu, huku nimeikumbatia simu kama mtu aliyeshikilia kuku wa wizi. Nilijiambia, yule aliyeandika amesema utaikuta ukitoka kambini, kwa hiyo ni jambo linaloweza kusubiri. Lakini hilo lilikuwa ni la kichwani. Moyoni nilikuwa namwona Mama akiwa na mkono kwenye mchele.

Shangazi akashauri tuipeleke kwa fundi simu wa sokoni, "anafungua dakika mbili, tena hana maswali." Mama akakataa. Akasema ya ndani hayapelekwi sokoni. Nikashusha pumzi. Kumbe wakati mimi na Mama tunaangaliana, Shangazi alikwisha kuipiga picha ile skrini kwa simu yake, na picha ilikuwa tayari kwenye kundi la ukoo. Chini yake aliandika: "Ndugu zangu nani anajua Hamidu anaumwa nini, tumuombee mtoto wetu jamani." Akaongeza mikono ya dua mingi sana.

Nakuomba usimkasirikie. Niliuona uso wake. Nadhani mara hii alikuwa anakimbia kusema, kwa sababu mara ile alinyamaza.

Dua zikaanza kumiminika. Wengine wakatuma sauti ndefu wakilia humo ndani. Mtu mmoja ambaye mimi simjui akaandika kwamba ugonjwa huo anaufahamu vizuri na dawa yake ni mizizi tu. Nikamsihi Shangazi aifute ile picha. Akaifuta, masikini, na mahali pake pakabaki yale maneno kwamba ujumbe huu umefutwa. Kaka, hapo ndipo palipoharibika kabisa. "Mbona mmefuta?" "Kuna jipya?" "Msitufiche, semeni tujue tunakujaje." Binamu yetu mmoja wa Tanga akaandika Innalillahi, kisha naye akaifuta, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

Adhuhuri ilipopita wakaanza kufika. Mama Zakia wa nyumba ya pili alikuja na sukari, kisha majirani wengine wawili, kisha Mjomba Shabani kutoka Kibaha, amebeba mfuko wa machungwa, amevaa kanzu na uso wa msibani.

"Mgonjwa yuko chumba gani?" akauliza mlangoni, kwa sauti ya chini.

"Mgonjwa yuko kambini," Mama akajibu. "Saa hizi labda yuko mchakamchaka."

"Anakimbia na maradhi hayo?"

"Maradhi yapi, kaka?"

Mjomba akatazama machungwa yake. "Si hayo mliyoandika."

Basi tukawa na nyumba iliyojaa watu waliokuja kumjulia hali mtu asiyekuwepo. Wameketi mpaka kwenye lile kochi ambalo Baba hakumaliza kulitengeneza, wanazungumza kwa sauti ya hospitali. Kila mmoja ana sehemu yako anayodai kuijua. Mama Zakia anasema ulikonda kabla hujaondoka. Mjomba anasema hapana, huyo kampa mtoto wa watu mimba, "majibu" ni hayo. Jirani mwingine anasema vijana siku hizi wana mawazo. Nikawa napita na vikombe vya chai huku nasikia ndugu yangu anatengenezwa upya, mkono kutoka kwa huyu, mguu kutoka kwa yule. Nikaikumbuka stika. Lakini ile ilikuwa angalau sura yangu ya kweli.

Nilikumbuka pia bahasha zako zilizofungwa. Niliziamini sana zile bahasha. Hukuniambia, au labda nawe hukujua, kwamba kufuli lote lile halina kazi mbele ya mtu aliyekaa nawe mkeka mmoja.

Nilimkuta Mama jikoni, ameegemea ukuta, birika linachemka mpaka maji yanamwagika. Nikazima jiko. Nikaanza kuosha vikombe. Akaniambia, bila kunitazama:

"Baba yako alikuja kuniambia mwenyewe. Nilikuwa naanika nguo pale uani. Akashika kamba, kama anataka kunisaidia, akaniambia. Nilimkasirikia, nikamwuliza kwa nini wifi anajua kabla yangu. Akasema kwako ndiko kuzito." Akalishusha birika. "Ningeambiwa na mtu mwingine, au ningesoma mahali, ile siku ya kamba nisingekuwa nayo. Na mie ndiyo naishi nayo."

Kwenye sebule Mjomba alikuwa anacheka kitu, kisha akakumbuka yuko kwa mgonjwa.

"Huyu mwingine sasa," Mama akasema, "watu wote wameshamsemea, mwenyewe hajafungua mdomo. Simu umeifunga wewe, Rukia. Nyumba tumeiacha wazi sisi."

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akatoka. Akamwomba Shangazi simu yake. Mbele ya watu wote akabonyeza, akaongea kwenye kundi la ukoo kwa sauti yake ya kuita watoto: "Assalaam alaykum. Mimi ni mama yake Hamidu. Mtoto ni mzima, yuko kambini. Kama ana neno, litatoka kwake. Aliyeihifadhi ile picha aifute, na aliyempelekea mtu amwambie naye afute. Asanteni kwa dua." Akamrudishia.

Shangazi akasema, taratibu sana, "Wifi, mie nilimwambia akuambie. Kila siku nilimwambia." Wala hakuwa anazungumza habari yako. Mama akamwambia, "Najua, Mwajuma. Chukua chungwa."

Na wewe ndipo ukapiga.

Ulitumia simu ya afande, sisi tukaona namba ngeni, na Mama karibu aikate kwa sababu ya mafunzo yako. Uliposema "Mama, shikamoo," nyumba nzima iliinuka. Labda ulisikia kelele ukadhani ni televisheni. Walikuwa ni watu. Mjomba akaifikia simu kwa kidole na kuibonyeza spika, wote wasikie. Mama Zakia anamfanyia Mama ishara kwa midomo: muulize, muulize. Hata mimi, Kaka, nilitaka aulize. Mama alikuwa na swali lake mdomoni tangu asubuhi, lilikuwa limemkausha.

Mama akaizima spika. Akaiweka simu sikioni, akawapa watu mgongo, akaelekea dirishani.

Kwa hiyo ninajua alichosema yeye tu. Alisema, "Unakula?" Akasema, "Viatu havikubani?" Kisha kuna mahali alinyamaza. Wewe huko pengine ulidhani mtandao umekatika. Haukukatika. Alikuwa anaumeza ule mstari wa Fundi Bomba mzima, pamoja na ile "maana" yake isiyo na mwisho. Kisha akasema, "Una neno la kuniambia?" Sikusikia ulijibu nini. Nilimsikia akisema, "Haya. Ukirudi, mie nipo."

Nimekuandikia yote haya kwa sababu ya kile kimya. Nisingependa ukipite tu bila kujua kilikuwa na nini ndani yake.

Wageni waliondoka jioni. Hawakuridhika, lakini chai walikunywa. Mjomba Shabani alimwambia Mama mlangoni kwamba yeye ni mtu wa siri, akijulishwa lolote litaishia kwake, na Mama akamjibu, "Inshallah, kaka, endesha polepole." Shangazi alibaki kutusaidia kukunja mkeka. Baadaye tukawa wawili tu, Mama kwenye kiti na sinia la mchele uleule wa asubuhi, mimi namalizia historia yangu. Simu yako iko kwenye chaji mezani, karibu naye kuliko ilivyo kwangu.

Ikalia, ikawaka.

Nilimwona Mama ameiona. Nikasimama, kisha sikujua nimesimama kwa ajili gani, maana mkono wake ulikwisha kufika. Aliifunika kwa kiganja kabla macho hayajashuka, kama mtu anayefunika chakula nzi wakija. Akaigeuza. Akailaza kifudifudi kwenye kitambaa cha meza, akairekebisha kidogo ikae sawa na ukingo.

"Rukia," akasema, akarudi kwenye mchele wake, "simu ya kaka yako imelia. Kama ni chuo, shughulikia."

Haikuwa chuo. Niliigeuza upande wangu, nikaona jina, nikairudisha ilivyokuwa, na yeye hakuniuliza. Tangu siku hiyo huilaza vivyo hivyo kila anapoichaji, na anaichaji yeye, mimi hanipi tena nafasi. Bomba la uani bado linavuja. Akiniuliza mtu kuhusu fundi, namwambia sijui kazi yake.

Ombi langu ni moja, na afande akitaka alisome kwa sauti. Siku utakayorudi, usinitafute mimi kwanza. Kula, oga, halafu mfuate Mama popote atakapokuwa, hata kama anaanika nguo, umwambie. Liwe kubwa au dogo, la kucheka au la kulia, mwambie yeye kabla ya Fundi Bomba, kabla ya Shangazi, kabla yangu. Mimi nitabaki ndani na kitabu changu, na nitakapolijua ndipo nitakapolijua.

Kaza kamba za viatu, kula vizuri, na ulale wanapokuruhusu. Tunakuombea kimyakimya sasa, wawili tu, bila kundi.

Anayekungoja kwa mapenzi,
mdogo wako wa pekee